Marudio Rasmi ya Penalti ya Mkurugenzi

Idara ya Marudio, tawi la Kitengela, ina furaha kuutangazia umma kwamba penalti aliyofunga Mkurugenzi wetu, Bwana Munguti, Ijumaa tarehe 6 Juni 1997, itafungwa tena.

Mimi ni katibu wa idara. Sababu ni ya kitaalamu tu. Siku yenyewe Wainaina, mpiga picha za harusi, alisahau betri ya kamera. Mkurugenzi ameomba cheo makao makuu Kajiado, na Kajiado hawapandishi cheo kwa bao ambalo haliko kwenye kanda. Kamati ilikaa mara tatu, ikanywa chai, ikaamua kila mtu arudie alichofanya siku ile.

Kipa alikuwa Parsaoti, soja wa geti letu, kibarua kwa miaka sita. Ijumaa hiyo aliruka kushoto, mpira ukapita kulia polepole, na Jumatatu akapata barua ya kuajiriwa kabisa. Kamati haikuona uhusiano wowote.

Alhamisi tukakusanyika uwanjani Noonkopir. Mkurugenzi, ndani ya suti ileile, akapiga. Parsaoti akaudaka bila kusogea.

“Parsaoti,” nikamkumbusha, “siku ile uliruka kushoto.”

“Ndiyo, katibu. Lakini mpira umekuja hapa.”

Kavutha, mpishi wa chai ya ofisi, akapaza sauti: “Bosi, toa koti! Labda ni koti inakushika mguu!”

Mkurugenzi akavua koti. Mkwaju wa saba ulimpata ng'ombe aliyekuwa akila nyasi mbali na goli. Ng'ombe hakutoa maoni. Baada ya wa kumi na moja, Mkurugenzi akamwendea kipa. Kamera ilikuwa inanasa, kwa hiyo nanukuu.

“Wewe, kwani unataka nini?”

“Hakuna, mkubwa. Barua niko nayo.”

“Si ni mimi nilikupa?”

“Ashe oleng, asante sana, mkubwa. Ile Ijumaa nilikuwa kibarua.”

Kajiado wamerudisha kanda pamoja na maelezo: bao halionekani, marudio yarudiwe, kipa awe yuleyule.

Leo saa mbili asubuhi Mkurugenzi alishuka mwenyewe hadi getini, kofia mkononi, kumwomba Parsaoti tarehe ya marudio. Parsaoti alimtazama, akafungua kitabu cha wageni, akapitisha kidole ukurasa mzima bila haraka.

“Leo niko na kazi mingi, mkubwa,” akasema. “Kuja kesho.”