Kura ya Marehemu Augie

Jumatatu, 20 Aprili

Ukungu umetoka ziwani tangu asubuhi na hautaki kuondoka. Mji mzima wa Ashtabula unanuka samaki na chuma. Siku nzuri ya kuanza kampeni!

Alhamisi timu yetu ya futiboli ya Kimarekani inachagua kijana mpya kutoka vyuoni. Mimi namtaka Tavish Oyler, kwotabeki, yule anayerusha mpira. Mkono kama mzinga! Shemeji yangu Gordy anataka jitu moja la kutoka Iowa, la kulinda mstari wa mbele, lenye shingo kama kisiki. Klabu yetu ya mashabiki imegawanyika katikati. Atakayeshinda mjadala Jumatano ndiye mwenyekiti mpya. Kiti kiko wazi tangu Augie Wendt afariki wakati wa theluji.

Gordy anasema Oyler ni hatari. Eti katikati ya mchezo kijana huwa anasimama, anageukia jukwaa tupu na kumrushia mpira mtu asiyekuwepo. Nikajibu kwamba huko ndiko kuona mbali.

"Anaona nini, Lyle?" akaniuliza mbele ya wote. "Hebu tuambie basi, anaona nini huko?"

Wakacheka. Hata mhudumu wa bia alicheka. Sitasahau.

Jumanne, 21 Aprili

Nimepata wazo. Wazo kubwa!

Augie alikuwa akinipigia simu kila tuliposhindwa, yaani karibu kila Jumapili, na kuacha lawama kwenye mashine yangu ya kujibu simu. Kaseti zote ninazo. Nimeshinda gereji nikikata na kuunga. "Mchukueni" nimelitoa kwenye "mchukueni huyo kocha mkamtose ziwani." "Yule kijana" nimelitoa kwenye malalamiko yake kuhusu mtoto wa jirani. Kikohozi chake cha kuanzia nimekiacha. Bila kikohozi si Augie.

Mke wangu Renata akaingia kuuliza nazungumza na nani. Nikamwambia ni kaseti. Akasema hapana, amesikia watu wawili wakibishana, na mmoja ni mimi.

Lazima azibue masikio.

Jumatano, 22 Aprili

Mambo hayakwenda sawa kabisa. Ila nimeshinda!

Spika niliificha nyuma ya tanuri la kupashia joto, kwenye ukumbi wa chini tunakokutana. Kitufe mfukoni. Sikutarajia Bernadine, mjane wa Augie, kuja na sufuria ya soseji na kabichi. Alikuwa hajakanyaga pale tangu mazishi. Ningeweza kuahirisha. Sikuahirisha.

Gordy alipokuwa katikati ya hotuba, nikabonyeza. Kikohozi. Kisha: "Mchukueni yule kijana."

Bernadine aliacha mwiko ukaanguka. Gordy akawa mweupe kama chaki. Mikono ikapanda juu mmoja mmoja, yote upande wangu. Nilikuwa nahesabu kwa raha zangu kikohozi kikaja tena. Sikuwa nimebonyeza.

"Lyle," ikasema sauti, "zima hicho kitu."

Wote wakanitazama. Nikasema bila shaka marehemu anamaanisha tanuri, alikuwa mtu wa kubana matumizi. Gordy akaenda kulizima. Baridi ikaingia papo hapo, baridi ya ziwani. Na sauti, kwa upole ambao Augie hakuwahi kuwa nao alipokuwa hai, ikasema:

"Msimchukue. Mwacheni mtoto wa watu."

Nikatangaza kwamba kura zilishahesabiwa. Kanuni ni kanuni. Mimi ndiye mwenyekiti!

Nilipokwenda kuchukua spika nikakuta betri nimezisahau nyumbani.

Alhamisi, 23 Aprili

Wamemchukua! Nilirukaruka mpaka goti likalia. Nilirukaruka peke yangu.

Kwenye televisheni ya ukumbini Oyler alivaa kofia yetu, akamkumbatia mama yake. Mtangazaji akamuuliza kama alitarajia kuja kwetu. Kijana akacheka kidogo, cheko la mtu asiyelala vizuri. Akasema alijua tangu wiki iliyopita. Kuna mzee anampigia simu na kumwachia ujumbe. Hataji jina. Anaanza kwa kukohoa.

Mtangazaji akauliza anasemaje huyo mzee.

"Ananiambia nisije," akajibu. Kisha akageuka, akatazama pembeni ya kamera, mahali pasipo na mtu, akatikisa kichwa kama anayeomba radhi.

Gordy alichukua koti lake. Mlangoni akaniambia, bila hata kunitania, "Umefanya nini, shemeji?"

Nikamwambia asinionee wivu.

Ijumaa, 24 Aprili

Bernadine alikuwa ukumbini kabla yangu. Amevuta kiti mbele ya tanuri, kikombe cha kahawa mkononi, kingine sakafuni kikifuka mvuke. Nikaona nimwambie ukweli. Nikamwambia yote: kaseti, gereji, mkasi, spika. Nilijisikia mtu mwema sana.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanishika mkono.

"Najua, Lyle. Ameshaniambia. Amekukasirikia, lakini atapoa."

Kisha akaugeukia ukuta, akainamisha kichwa kama mtu anayenong'onezwa, akatabasamu. Tabasamu hilo sijaliona usoni mwake tangu mazishi. Mimi sikusikia kitu. Ila kahawa ya kile kikombe cha sakafuni ilikuwa imepungua.

Nilipanda ngazi haraka kidogo.

Jumamosi, 25 Aprili

Nimetafakari kwa makini. Kosa langu limeonekana wazi: nilimtumia mtu aliyezoea kunilaumu. Ukitaka marehemu akuunge mkono, lazima umpate mapema, akiwa bado na moyo mweupe kwako.

Msimu ujao tutamjadili kocha, na Gordy ameanza kupita nyumba kwa nyumba kuomba kura. Basi leo mchana nimekwenda hospitali kumwona mjomba Walt. Daktari anasema hatafika kiangazi. Sauti yake bado nzito, ya kuaminika, kama ya mchungaji. Nimempelekea zabibu na kinasa sauti kipya.

Aliuliza aseme nini. Nikamwambia chochote moyo wake unachotaka, lakini kwanza aseme mara tatu, polepole: "Lyle yuko sahihi."