Kuhusu Nabintu, Lori Lenye Jina la Mama Yako

Bukavu, Nyawera, tarehe 21 Agosti 1973

Kwa Citoyen Cirhuza,
Karani mstaafu wa pamba, Sange

Baba Mkwe mpendwa na mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, na kwamba goti lako limepunguza usumbufu tangu kiangazi kianze. Mimi ni mzima. Lori nalo ni zima. Nyumba tu ndiyo imekuwa kimya.

Shemeji Barthélemy alinifikishia ujumbe wako: kwamba binti yako Godelive, mke wangu wa ndoa ya kanisani, yuko kwako pamoja na watoto, kwamba analia kidogo na anakula vizuri, na kwamba mimi nijilete Sange na mtungi wa kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, niketi kwenye kiti kifupi, nikemewe na wazee mpaka mtungi uishe, kisha nirudishiwe mke wangu. Ndivyo desturi yetu sisi Bashi inavyotaka, nami naiheshimu. Lakini, Baba Mkwe, mimi ni mwalimu wa historia, nimezoea kutazama jambo tangu chanzo chake. Nimelichunguza hili kwa utulivu, nikiwa nimekwisha kunywa chai, na nimeona kwamba safari hii kasiksi inapaswa kutoka Sange kuja Bukavu. Aliyekosewa si Godelive. Si mimi pia. Aliyekosewa ni mama yako.

Nakuomba usiikunje barua hapo.

Unalijua lori langu, ingawa ulipokuja Pasaka ulikataa kulipanda. Ni GMC la jeshi, la ile vita kubwa ya Wazungu. Nililikuta nyuma ya misheni, mbuzi wakilala ndani na mti ukiwa umeota katikati ya bodi. Mapadri walinipa kwa furaha ya mtu anayeng'olewa jino bovu. Tangu hapo kila likizo, kila Jumapili baada ya misa, nimekuwa chini yake. Nimelikwangua kutu, nimelitafutia vipuri mpaka Uvira, nimelirudishia rangi yake ya kijani. Na kila mtu, kuanzia wachuuzi wa sokoni hapa Nyawera mpaka mapadri wenyewe, ananiuliza litabeba nini. Swali hilo linaniumiza. Halitabeba kitu. Kazi yake ni kuwa zima. Nilipokuwa mtoto Nyangezi, lori kama hilo lilipita barabarani limejaa askari wanaorudi kwao, na ardhi ikatetemeka chini ya nyayo zangu. Wenzangu wanapenda mpira, wengine wanapenda bia, hakuna anayewauliza mpira utabeba nini.

Sasa tuje kwenye jina. Mapadri walikuwa wameliandika mlangoni Joséphine. Mwaka jana sisi sote tulipotakiwa kuacha majina ya kigeni na kuchukua ya mababu, mimi niliacha Donatien, nikawa Citoyen Mushagalusa. (Godelive naye ana jina jipya kwenye karatasi, lakini nyumbani hakuna anayeliitikia, hata yeye mwenyewe.) Nikajiuliza kama ni haki sisi tuwe watu halisi wa nchi na lori libaki Joséphine. Nikalifuta. Nikatafuta jina la mtu imara, mwenye sauti nzito, asiyeogopa mlima, aliyezeeka bila kukubali kwamba amezeeka. Katika koo zetu mbili nikampata mmoja tu: marehemu mama yako, Nabintu. Nikaliandika kwa rangi nyeupe, herufi kubwa. Na wewe unajua kuliko mimi: mtoto akipewa jina la mama yako, unamwita mama, unamsalimu kama mama, hata akiwa mchanga na amekukojolea mapajani. Nabintu wangu hakukojolei. Anavuja mafuta kidogo tu upande wa gia.

Baada ya kueleza hayo, naleta malalamiko yangu kwa utaratibu.

1. Nguo. Godelive alifunga kamba ya kuanikia kutoka kwenye dirisha la jikoni mpaka kwenye ile pete ya chuma juu ya paa la lori, ambamo zamani alisimama askari na bunduki yake. Nepi za mdogo zikapepea pale siku ambayo mkaguzi wa shule alipita kunisalimu. Mkaguzi aliuliza kama ni bendera. Nauliza, Baba Mkwe: je, ukoo wenu ungeruhusu mjukuu aanike nepi kichwani mwa bibi yake?

2. Kuku. Kuku wake wa madoa alitagia kwenye kiti cha dereva na akaanza kuatamia. Nilimhamisha kwa adabu, pamoja na mayai yake, nikamweka kwenye kapu. Kuku akakataa kapu, mayai yakapoa, na mimi nikaitwa muuaji mbele ya watoto. Sitaki kurefusha hapa, kwa kuwa kuku huyo sasa yuko kwako na atakuwa amekwisha kukueleza upande wake.

3. Mchele. Hili linakugusa wewe mwenyewe, kwa hiyo naliandika kwa heshima kubwa. Mwezi wa sita ulituma neno kwamba nije na lori nikuchukulie mchele wako niulete soko la Bukavu, nami nikajibu kwamba haiwezekani. Godelive alisema nimemwaibisha ukweni, kwamba hakuna mwanamke mwingine katika jimbo zima ambaye mume wake ana lori lenye magurudumu kumi na baba yake anapakia mchele kwenye magari ya watu. Nilijitetea kwamba rangi ya bodi ilikuwa bado mbichi. Lakini leo naona nilikuwa na sababu kubwa zaidi ambayo sikuwa nimeifikiria wakati ule. Baba Mkwe, wewe uliyelelewa vizuri, ungeweza kweli kumpakia mama yako magunia ya mchele mgongoni, kwa umri wake, ukampandisha miinuko ya Ngomo?

4. Salongo. Hapa ndipo jambo lilipozidi. Jumamosi moja ya kazi za usafi, mkuu wa mtaa alikuja kuomba lori lizoe takataka za soko. Nilimweleza kwa upole kwamba lori hili ni mkwe wangu mkubwa, na mkwe hapewi takataka. Aliduwaa, lakini ni mtu mstaarabu, akaanza kuondoka. Godelive akamfuata mpaka langoni akamwambia achukue tu, tena achukue kwa wiki nzima, na asipolirudisha hatalaumiwa na mtu. Nilisikia kwa masikio yangu. Alimtoa bibi yake mwenyewe akazoe takataka, na alikuwa akicheka. Namshukuru Mungu injini haikuwaka siku ile.

Nakiri kwamba Godelive naye ana neno lake, na haki inanitaka nilitaje. Anasema watoto wa mtaa wanapita wakiimba kwamba Nabintu anatoa moshi nyuma. Anasema hakumzika bibi yake ili aje amsikie akikohoa uani saa za chakula. Mimi namjibu hivi: kabla ya hapo, nani Bukavu alimjua Mama Nabintu? Leo hata wapagazi wa soko wanapopita wanamsalimu kwa jina. Mwanahistoria haombi zaidi ya hapo.

5. Kuondoka. Siku injini ilipowaka kwa mara ya kwanza na kuendelea kunguruma, siku niliyoingoja kwa miaka, nilikimbia ndani kumwita mke wangu aje asikie. Nikamkuta anafunga sanduku. Kumbe asubuhi ile Valérie, binti yetu mkubwa, alikuwa amepata komunyo ya kwanza, na mimi niliyekuwa nimetoka kanisani kidogo tu kwenda kutazama karbureta sikurudi. Nilikuwa na hakika nimekaa muda mfupi. Godelive hakupaza sauti. Aliniambia hivi, na naandika maneno yake kama alivyoyasema, ili asije akadai nimeyageuza:

«Donatien, chagula: miye ao hii mutuka. Na usiniambie tena iko koko yangu.»

Lilikuwa swali zito, kuchagua kati ya mke na lori ambalo ni bibi yake, na mimi nilikuwa nimeshika spana mkononi. Nikaomba muda wa kufikiri. Hilo tu, Baba Mkwe. Niliomba muda wa kufikiri kama mtu yeyote mwenye elimu, na mke wangu akachukua muda huo huo kupanda gari la Uvira linalopita Sange, na watoto na kuku. Alipita mbele ya Nabintu bila hata kumuaga.

Kwa hiyo, baada ya kupima yote, naomba familia ya Sange ifanye yafuatayo. Mje Bukavu na mtungi wa kasiksi, usiwe wa siku moja, uwe umekaa ukakolea. Wewe mwenyewe, kama mwana wa Nabintu, umwage kidogo mbele ya gurudumu la mbele la kulia na useme maneno ya kutuliza moyo, ukilitazama bampa, usiangalie pembeni. Godelive akubali kumsalimu bibi yake kila asubuhi kabla ya kuwasha mkaa. Na wazee waandike mahali fulani kwamba mwanamke aliyeolewa hawezi kumfanya bibi yake kamba ya nguo. Najua hakuna lolote kati ya haya katika desturi. Lakini mababu waliotunga desturi hawakuwahi kuona GMC, na naamini wangeliona wangeongeza kifungu.

Mtanilaumu kwamba siji mwenyewe. Si kiburi. Nani angebaki na mzee huyu? Mtu hawezi kumwacha bikizee peke yake uani, mjini, na watu wa siku hizi wanaoiba hata vioo. Ningekuja, moyo wangu upo Sange, lakini wajibu umenifunga hapa. Na tusidanganyane, mtu mzima anaweza kujitunza. Napika mwenyewe, nafua mwenyewe, na uani kuna utulivu ambao sikuwahi kuupata. Kazi inakwenda mbele kuliko wakati wowote. Sijapungukiwa na kitu.

Nisalimie Mama Mkwe Domitille, umwambie sombe ya majani ya muhogo aliyonitumia niliila yote. Nisalimie Barthélemy na mkewe, majirani wote wa upande wa kiwanda, na katekista wenu. Watoto uwabusu. Kuku pia nisalimie, sina kinyongo.

Naikamilisha hapa nikingoja siku mtakayoniambia mnafika, ili niweze kufagia uani.

Mimi mkwe wako mtiifu,
Citoyen Mushagalusa,
zamani Donatien

Nyongeza: Baba Mkwe, bahasha ilikuwa tayari imefungwa, nimeifungua tena.

Jana niliamua kukuletea Nabintu umwone mwenyewe akitembea, ukubali kwa macho yako. Nilipanga kushuka Ngomo taratibu hadi Sange. Barabara ile unaijua, haishukwi bila breki, na breki za Nabintu zina hewa ndani. Kuitoa ile hewa ni kazi ya watu wawili. Mmoja analala chini na kulegeza skrubu kwenye gurudumu, mwingine anakaa juu na kukanyaga pedali, anashikilia, anangoja aambiwe aachie. Miaka yote hii mguu wa pedali ulikuwa wa Godelive. Sikuliandika hilo huko juu. Alikuwa akija na nguo zake za misa, anavua kiatu kimoja, anakanyaga, na huku anakanyaga ananisema: kwamba sijala, kwamba nimeharibu shati, kwamba Valérie amepata alama nzuri na sijamuuliza. Nami kule chini nilikuwa nikijibu «achia» na «kanyaga», basi.

Nilimwita jirani Emile anisaidie. Nikimwambia kanyaga, anaachia. Nilimshukuru, akaenda zake. Kisha nikalala chini ya lori peke yangu, nikashika skrubu, na kabla sijafikiri nikasema «kanyaga». Nikangoja. Nilibaki pale muda mrefu nikitazama chuma, na niliona haya, Baba Mkwe, na nililia, na hakuna aliyeniona isipokuwa huyo niliyempa jina la mama yako bila kukuomba ruhusa.

Ningeichana barua hii, lakini nataka ujue unaletewa mtu wa namna gani kwenye kiti kifupi. Naja Jumamosi, juu ya gari la wachuuzi wa samaki, na mitungi miwili, maana najua mmoja hautatosha kwa maneno ya wazee. Wasiharakishe, nitasikiliza yote. Barua yenyewe iwashie moto wa jikoni. Nyongeza hii tu mpe Godelive, na umwambie nimemaliza kufikiri.