Folda ya Mama na Folda ya Baba

Jumanne, 8 Julai

Ukungu tangu alfajiri, ndoo za maji hazijajaa, na mwanangu Naima kaenda Masasi kupiga picha za harusi. Kaniachia studio. Picha za jando zimerundikana kwenye kompyuta kama korosho ambazo hazijachambuliwa. Kaandika skripti ya kuzipanga: inasoma neno la kwanza la jina la picha, inatengeneza folda ya neno hilo, inaitia humo. Kasema nimsubiri. Nimsubiri vipi? Mama Dastani anafuata picha za mwanawe kesho! Akizikosa, picha za ngoma zote za ukoo wao anampa Hamudi, mpiga picha wa jirani.

Nimefungua. Astaghafiru! Naima kaandika wateja majina makavu. Mama Dastani kawa Dominika 1. Mama Mujibu kawa Sikudhani 4. Watu wazima, wamezaa! Nimekaa mpaka magharibi narekebisha: Mama Dastani, Mama Mujibu, Baba Nasibu. Mihogo imeungua. Nimebonyeza.

Jumatano, 9 Julai

Folda mbili tu! Moja Mama. Nyingine Baba. Kijiji chetu chote cha Mkunya kimo humo.

Mama Dastani kaja na kanga mpya. Nikamfungulia Mama. Kaona mtoto wa Mama Mujibu analia, kaona mashangazi wa watu wanakata mauno. Kauliza wake yuko wapi. Nikamwambia atulie, yumo, wote wamo. Kasema, Mama Naima, hii si studio, hii stendi. Kaondoka bila kuaga. Punde yuko kwa Hamudi, wanacheka. Yule Hamudi meno yote nje!

Alhamisi, 10 Julai

Naima karudi. Shikamoo yenyewe kavu. Kauliza nani kagusa majina. Nikamjibu kwamba nilikuwa natia adabu. Kashika kichwa. Kisha kaibadili skripti: sasa inashika neno la pili. Folda zikajipanga vizuri: Dastani, Mujibu, Nasibu. Kampelekea Mama Dastani picha, kaomba radhi. Tumepewa nafasi moja tu: ngoma ya mpwa wake Jumamosi, picha ziwe tayari Jumatatu. Naima kaniapisha nisiiguse skripti.

Jumatatu, 14 Julai

Naima kaenda Newala kununua karatasi za picha. Skripti sijaigusa, kiapo ni kiapo. Nimetazama majina tu. Lakini mteja tuliyemuudhi vile, umwandike Mama Dastani hivi hivi, kama unamwita kwenye foleni ya maji? Nimemwongezea neno moja mbele. Mpendwa Mama Dastani. Limependeza! Wengine wasione wivu, nimewapa wote.

Nimebonyeza. Mama Dastani huyo anakuja, natandika mkeka.