Mfumo Uliokutwa Bila Mwenyewe

Tangazo lilisomwa Jumatatu saa nne asubuhi, kwa spika mbili zilizofungwa juu ya gari la ofisi, kutoka stendi ya Karatu hadi uwanja wa mnada.

"Wananchi mnatangaziwa kwamba mfumo endeshi mmoja, usio na alama ya mwenyewe, umekamatwa ndani ya kompyuta ya nyumbani ya Bi. Kuluthumu Omary, mfanyabiashara wa mashuka. Mwenye mali ajitokeze na uthibitisho ndani ya siku kumi na nne. Baada ya hapo mfumo utapigwa mnada. Mnasisitizwa kutoa ushirikiano."

Aliyesoma alikuwa Inosenti Senteu mwenyewe, Kaimu Mkuu wa Kitengo cha Mifumo ya Majumbani. Angeweza kumwachia dereva, lakini Ijumaa wageni wa makao makuu walikuwa wanakuja kusikiliza taarifa yake ya sensa ya kompyuta, na ikiwapendeza, neno Kaimu lingeondolewa mbele ya cheo chake. Alikuwa amelibeba miaka sita. Hata mkewe, Doreen, akikasirika humwita Kaimu Baba Watoto.

Sensa yenyewe haikuwa ngumu. Fomu Na. 7 ilikuwa na mstari mmoja: Jina la mwenye mfumo. Watu walijaza jina la kampuni ya ng'ambo linalotokea kompyuta ikiwashwa, mambo yakaisha. Kuluthumu ndiye aliyeandika: Wote.

"Wote ndio nani?" Inosenti aliuliza, amesimama katikati ya mashuka mekundu.

"Wote, kaka yangu. Huu ni mfumo huria. Umetengenezwa na watu wa dunia nzima. Anayetaka anautumia, anayejua anaufungua ndani na kuurekebisha."

"Wana sanduku la posta?"

"Kila mtu na lake."

"Uliununua wapi?"

"Sikununua. Aliniwekea mwanangu Abdulwahabu. Kompyuta ilishakufa, nikawa naipangia maua juu, na sasa inakimbia. Nami nikampa nakala Tobiko wa Kakesio, yule mfugaji anayenunua mashuka kwangu."

"Kwa hiyo wewe ukabaki bila."

"Wangu si huo hapo?"

Inosenti aliandika kwenye daftari: kitu kinatolewa na hakipungui. Akapiga mistari miwili chini yake. Katika utumishi wake wote alikuwa hajawahi kuona stoo ya namna hiyo, na alihofia stoo nyingine zingeiga.

Kanuni za mifumo isiyo na mwenyewe hazikuwepo. Zilizokaribia ni Kanuni za Mifugo Iliyopotea, na kwa kuwa ofisi haiwezi kukaa bila kanuni, kompyuta ilipakiwa garini, ikapelekwa kwenye boma la mifugo iliyokamatwa, ikafungwa kamba na kukabidhiwa kwa mlinzi. Huyo ni Lekishon, mtu asiyeongeza wala kupunguza neno kwenye kanuni.

Lekishon alitoa kadi ya ukaguzi. Kuluthumu alijibu kutoka nje ya uzio.

"Inakula kiasi gani?"

"Umeme tu, na wenyewe kidogo."

Akaandika: mlaji mdogo. "Kupe?"

"Wale virusi wanaosumbua kompyuta za mjini? Yangu miaka minne sijawaona."

Akaandika: hana. "Hulala njiani?"

"Kujizima katikati ya kazi ati ijirekebishe? Hapana. Inasubiri niiruhusu."

Akaandika: mpole. "Lugha?"

"Nimeiweka Kiswahili."

"Umri?"

"Kumi na mitano."

Lekishon aliitazama kompyuta kwa heshima. Tangu aajiriwe, hakuwahi kupokea mnyama mwenye kadi safi kiasi hicho. Kila asubuhi aliiwekea ndoo ya maji lita ishirini, kama kanuni inavyotaka, na kila jioni aliandika: amekataa.

Jumatano mwenye mali alijitokeza. Alikuwa Tobiko, amekuja na kompyuta yake imeviringishwa kwenye shuka. Nyuma yake alisimama mkulima wa ngano wa Mbulumbulu, aliyepata nakala kwa Tobiko, na nyuma ya mkulima watu tisa waliopata kwake.

"Mfumo ni wangu," alisema Tobiko.

"Na huyu mkulima?"

"Na yeye ni wake."

"Chagueni mmoja!"

"Mkuu, ng'ombe zangu ziko na alama ya ukoo. Ukoo wote iko na hiyo alama. Lakini maziwa ya leo asubuhi nimekunywa mimi. Sasa shida iko wapi?"

"Shida ni mstari," alisema Inosenti. "Fomu ina mstari mmoja." Akawarudisha wote makwao.

Ukweli ni kwamba hata Inosenti alikuwa na kompyuta nyumbani. Mfumo wake ulikuwa na mwenyewe, tena tajiri, mwenye anwani. Ila mwenyewe huyo hakuwa na habari. Ulitoka kwenye sidii ya fundi wa pembeni ya stendi, na tangu siku hiyo maandishi yalikaa pembeni mwa kioo: nakala hii haijathibitishwa. Inosenti aliyazoea. Kompyuta na yeye walikuwa na hali moja, wakavumiliana.

Alhamisi mchana kompyuta hiyo ilijizima yenyewe. Ilipowaka, taarifa ya kurasa arobaini haikuwepo. Hata kwenye flashi, kila faili lilikuwa limegeuka njia ya mkato isiyofika popote. Tuseme wazi: aliogopa. Alikaa kitandani akahesabu saa zilizobaki, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili. Kisha akachukua flashi, akaenda bomani.

"Chomeka kwenye yangu," alisema Kuluthumu, aliyekuwa amekuja kuitazama kompyuta yake. "Hao virusi humo hawana pa kushika."

Lekishon alinyoosha mkono. "Mnyama hakamuliwi bila jina la mwenyewe. Fomu hii hapa, mkuu."

Inosenti aliutazama ule mstari mmoja. Akaandika kwa mkono wake: Wote. Akagonga mhuri, na waya wa umeme ukavutwa kutoka kibanda cha mlinzi.

Kurasa arobaini zilikuwepo zote, zimefichwa tu. Inosenti alishikwa na furaha hadi machozi yakamlenga.

"Mama Abdulwahabu, Mungu akuzidishie."

"Amina. Nikupe nakala?"

"Ya taarifa?"

"Ya mfumo."

Inosenti akasema ofisi italitafakari.

Kwa kuwa kanuni iliruhusu kukamua lakini si kutoa nje, Ijumaa wageni watatu waliketi bomani, kati ya punda mmoja na mbuzi kumi na moja. Taarifa ilinoga. Mkurugenzi, Bi. Salha, alipiga makofi, akachomoa kalamu na kuivuta karibu barua ya kumwondolea Inosenti neno Kaimu.

Lekishon akakohoa. "Kanuni ya tisa. Kila kilichoingia bomani kikaguliwe alama."

Inosenti alikuwa ameileta kompyuta yake mezani ili aonekane naye anayo. Lekishon aliiwasha, akasoma pembeni mwa kioo.

"Alama ni ya mtu mwingine. Hati ya mauzo?"

Hati hakuna.

"Mnyama na aliyekutwa naye, wote wabaki bomani."

Bi. Salha alicheka sana, mpaka Lekishon alipofika kwenye kompyuta yake. Pembeni mwa kioo, maandishi yaleyale. Wenzake wawili walianza kufunga zao polepole, lakini walichelewa. Kufuli likalia. Zikaletwa ndoo nne za maji, na kadi moja. Kwenye mstari wa kupe Lekishon aliwatazama, akaandika: wanne.

Dereva alizunguka mji mara tatu na spika. "Watumishi wanne wamekutwa bomani. Mwenye nao ajitokeze!" Hakutokea mtu. Doreen alipigiwa simu, akajibu kwamba wake ni Kaimu tu, wamngoje athibitishwe kwanza.

Saa kumi na moja jioni Kuluthumu alifunga duka, akaja kuomba fomu.

"Hawa si watumishi wa umma?" alimuuliza Lekishon.

"Ndio hao."

Kwenye jina la mwenyewe akaandika: Wote. Lekishon aliilinganisha na ile iliyogongwa mhuri na Inosenti, akaona ni sheria ileile, akafungua lango. Bi. Salha alitoka mbio, kalamu mkononi, barua ikabaki mezani haijatiwa saini. Punda akaila.

Inosenti alitoka wa mwisho, kompyuta kwapani.

"Ile nakala," alisema kwa sauti ndogo, "ipo bado?"

"Haipungui, kaka yangu."

Jumamosi maandishi ya pembeni mwa kioo yalitoweka. Lile neno la mbele ya cheo chake lipo hadi leo.