Taa Nyeupe kwenye Msafara wa Mjomba

Jumatano, 10 Januari
Kosa la wengi ni kudhani taa kali ndiyo inayoona mbali. Fizikia niliifundisha hapa Kumasi hadi nikastaafu, najua. Halojeni ina uzi mdogo unaowaka manjano, na kioo cha nyuma ya balbu huchongwa kuufuata uzi huo. Xenon ni cheche ndani ya gesi: nyeupe, kali, yataka lenzi yake. LED haina uzi wala gesi, hula umeme kidogo.

Nimemweleza haya binamu yangu Tweneboah. Kapiga miayo. Kisha eti Peugeot yangu ina macho ya mbuzi mgonjwa, hivyo Jumamosi alfajiri, tukienda kuchukua maiti ya Mjomba, LED zake zitatangulia na mkuu wa ukoo atapanda kwake. Mshenzi! Sote ni wapwa, na kwetu mjomba hurithiwa na mpwa. Atakayembeba mkuu wa ukoo ndiye watu watamwona mrithi.

Alhamisi, 11 Januari
Suame, mtaa wa mafundi magari, kwa Maame Serwaah, muuza taa. Nilimweleza kirefu kwa nini xenon haifai kwenye kioo cha halojeni kama changu: mwanga hutawanyika, nusu huruka juu. Akauliza, basi Mwalimu, umefuata nini? Nikamwambia afunge xenon.

Ijumaa, 12 Januari
Nimeziwasha usiku: ukuta wa ua umekuwa mweupe kama sanda. Mkuu wa ukoo kasema atapanda kwangu, nami nitangulie. Tweneboah kauliza kama naendesha gari au nachomelea vyuma. Hasira yake imenishibisha kuliko fufu.

Jumamosi, 13 Januari
Vumbi la harmatani, ule upepo mkavu wa jangwani. Mwanga uliruka juu, vumbi likanirudishia usoni. Sikuona barabara. Dereva wa lori niliyempofusha akamtukana mama yangu, mkuu wa ukoo akisikiliza. Nikafuata taa nyekundu za gari fulani mbele, lisilo letu, msafara mzima ukanifuata mimi. Tukaingia shamba la kuku, tarumbeta za msiba zikilia.

Mkuu wa ukoo akahamia kwa Tweneboah. Tweneboah akaniomba niwasalimie kuku kwa niaba ya ukoo.

Jumapili, 14 Januari
Ibada ya shukrani baada ya mazishi. Sikushukuru chochote. Mrithi atatajwa siku ya arobaini. Nafasi bado ipo. Nimechunguza kisayansi. Kosa si xenon, wala si kioo. Taa zilikuwa mbili tu.

Leo hii nimpigie Maame Serwaah, aweke nne juu ya paa la gari.