Siku Ambayo Hakufa Mtu

Jumatatu, 3 Juni

Darasa la muziki linafungwa Ijumaa. Mwalimu wetu ametutangazia kwa sauti ya mtu anayesoma majibu ya maabara. Mkuu wa shule anataka majina kumi. Sisi tuko wanne. Tusipofika kumi, fidla sita tulizoazimwa zinarudi kwa wenyewe, na chumba kinapewa kikundi cha dansi.

Kiongozi wa dansi ni Betri, wa darasa langu. Anaitwa hivyo kwa sababu haishiwi nguvu. Ana wafuasi thelathini na mmoja, na leo amekuja kupima chumba kwa hatua. Akaniambia nisijali, kabati ataliacha. Nilimjibu vizuri sana. Kimoyomoyo, na alipokwisha kuondoka.

Bila fidla sijui nitakuwa nani. Nikiitwa jina asubuhi naitika kwa sauti ndogo, hadi muhula huu nimeandikwa mtoro mara nne, nikiwa nimekaa mstari wa mbele. Fidla ndiyo sauti yangu pekee inayofika dirishani.

Kwa hiyo kumwomba mtu ajiunge siwezi. Lakini nina mpango. Mwezi uliopita niliandika insha kuhusu umaarufu wa muziki wa klasiki katika zama mbalimbali. Hapo kale kumbi zilijaa, watu wakalia, wengine wakazimia. Kisha zikaja santuri, redio, simu, na umaarufu ukawa unapanda na kushuka kama homa. Hitimisho langu: watu hawakuacha kuupenda, waliacha kuusikia. Nilipata themanini na mbili. Basi dawa ni kuwasikilizisha, na hapo sihitaji kusema neno. Mjomba ni kinyozi. Spika yake inatazama barabarani.

Jumanne, 4 Juni

Saa kumi jioni. Mjomba alikuwa na mteja kitini na wawili kwenye benchi. Akasema weka tu, mwanangu, mradi usiwe wa kelele. Nikachagua wa polepole, fidla tupu, nisije nikawashtua.

Matokeo yalipita matarajio. Mashine ya kunyolea ikanyamaza. Ng'ambo ya pili fundi cherehani akasimamisha kazi, mguu hewani. Fundi simu akazima wimbo wake mwenyewe, kwa hiari! Mama wa mboga akafunika mboga, kisha akajifunika kichwa. Mtaa mzima kimya, unasikiliza. Kwa dakika tatu hakukuwa na mtu mwenye furaha kunizidi.

Kisha Mjomba akaniinamia.

"Nani kafa?"

Nikaona haya, nikatazama sakafu. Mteja wa kitini akauliza kama ni Mkubwa wa nchi mwenyewe, huyo wa kwenye picha ukutani. Wote wakanigeukia. Mimi nikikodolewa macho ulimi unakufa ganzi. Nikafumba macho.

Kumbe hilo ni jibu.

Mteja aliondoka na nusu kichwa. Kufika saa kumi na moja hakuna duka lililokuwa wazi, na fundi cherehani alikuwa anampigia simu mwanawe aliye ng'ambo, anamwambia asisafiri.

Jumatano, 5 Juni

Mkubwa ni mzima. Alionekana kwenye taarifa ya habari akifungua bomba la maji. Babu alimtazama kwa shaka mpaka mwisho.

Ofisa wa mtaa alimfuata Mjomba asubuhi na mapema. Mjomba akasema spika ina hitilafu, inajiwasha itakavyo. Hakunitaja. Baadaye akaniambia, bila kupandisha sauti, kwamba ningesema tu "hakuna". Neno moja. Ni kweli. Lilikuwa hapa kooni.

Babu ndiye aliyenieleza. Alikuwa bado na koti lake jeusi, hajalivua tangu jana. Muziki ule ameusikia mara tatu maishani. Mara ya kwanza redio ilikatiza matangazo ya mpira ikaupiga siku mbili mfululizo: amekufa mkubwa wa kwanza. Mara ya pili, amekufa wa pili. Mara ya tatu mtangazaji alisinzia kwenye mitambo, na watu wakaomboleza kutwa nzima bila kumjua marehemu. Hiyo ndiyo historia yote ya umaarufu wa klasiki hapa kwetu. Haimo katika insha yangu.

Nimelitafakari sana jambo hili. Mpango hauna kosa. Kosa ni wimbo. Ulikuwa wa polepole mno.

Alhamisi, 6 Juni

Nilimwandikia Mwalimu kikaratasi kuomba ufunguo wa chumba cha vipaza sauti. Akanipa. Aliniamini. Nje nikabandika karatasi ya kujiandikisha, na kalamu nimeifunga kwa uzi.

Mapumziko ya saa nne nikaweka wimbo wa mbio, wa furaha, unaorukaruka kama watoto wanaoshuka ngazi.

Habari za kinyozi zilikuwa zimefika shuleni kabla yangu. Wanafunzi mia tano wakatoka, wakajipanga uwanjani bila kuamrishwa, vichwa chini. Mwalimu wa zamu akavua kofia. Wimbo unaruka juu yao, hakuna aliyetikisa hata kidole. Na mbele kabisa Betri analia. Hakuwa anaigiza. Bibi yake amelazwa hospitali, wiki ya pili sasa, wala hakumwambia mtu. Alidhani ofisi imepigiwa simu.

Ningeweza kwenda kumwambia hakuna kitu. Hatua ishirini. Nilikaa nyuma ya tangi la maji hadi kengele.

Kwenye karatasi nikakuta majina arobaini na mawili! Kisha nikasoma walichoandika pembeni. "Tutakukumbuka daima."

Ijumaa, 7 Juni

Betri alikuja chumbani saa nane. Nilijua amefuata ufunguo wa chumba cha muziki. Nikafungua mdomo nimwombe radhi, ikatoka pumzi tu.

"Jana nilijua Bibi ameenda," akasema. "Halafu hajaenda. Nifundishe, basi. Siku yake ikifika sitaki spika. Nataka nimpigie mimi."

Nikatikisa kichwa kukubali. Akaandika jina. Nyuma yake wakaandika wengine sita, kwa sababu Betri hata akienda chooni wanamfuata. Kumi na mmoja. Mkuu wa shule alihesabu mara mbili.

Mwalimu alisimama dirishani muda mrefu akifuta miwani isiyo na doa. Kisha akaniomba jambo moja. Sasa tuwaache watu. Tupige humu ndani, atakayetaka atakuja kwa miguu yake. Nikaitika, na safari hii nikasikika.

Jumapili, 9 Juni

Jana Betri alianza. Anashika upinde kama mwiko, na fidla inalia kama geti bovu. Lakini hachoki. Mwishoni nilimwambia samahani. Akauliza ya nini. Nikasema ya upinde.

Bibi yake ana nafuu. Anaketi, anakunywa supu, anauliza mjukuu wake anajifunza nini huko.

Mwalimu amesema kweli, ila kuna upande ambao hajauona. Watu wataendelea kuuogopa muziki huu mpaka wausikie penye matumaini. Mahali ambapo watu wanapona. Babu ameniulizia saa za kutazama wagonjwa. Jumatano, saa kumi, wodi ya wazee. Fidla zote sita, nasi katika nguo nyeusi za tamasha. Tutaingia kimya, tujipange miguuni pa vitanda, tuanze. Betri nitamwambia mlangoni, nataka afurahi.

Vitanda kumi na viwili, na hakuna hata mmoja anayeweza kukimbia.