Wazazi Wapewe Alama

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa shule katuita walimu ofisini. Wizara imebadili mtihani wa sekondari. Waraka umefika, mnene kama tofali. Jumamosi kuna mkutano wa wazazi na lazima mtu asimame awaeleze. Kisha akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba mwalimu wa taaluma anastaafu mwezi huu, na atakayewaelewesha wazazi vizuri atakuwa amejiweka pazuri.

Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajafunga mdomo! Wa Mwalimu wa Hesabu nao ukapanda, taratibu, umenyooka. Si bure wanafunzi wanamwita Rula. Mkuu kanipa mimi kwa kuwa nilitangulia. Rula atakuwa msaidizi wangu. Atagawa karatasi, basi.

Mwalimu wa taaluma ana chumba chake. Kina mlango. Mlango una kitasa. Hapa nyumbani nasahihisha madaftari ya jiografia juu ya meza ya kupigia pasi, tangu mama mkwe alipokuja kukaa wiki mbili. Sasa imetimia miezi minane. Chumba changu cha kazi ndimo anamolala, na mchana husikilizia humo redio. Kile chumba cha shule nakitaka kwa kufa na kupona.

Jumanne, 4 Machi

Nimesoma waraka. Ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Katikati ni majedwali tu.

Kiini nimekipata. Zamani pointi chache ndizo zilizokuwa nzuri, daraja la kwanza ndilo bora, na mtihani wa mwisho ndio uliokata shauri. Sasa kila somo lina ngazi, moja hadi saba. Saba ndiyo bora, moja ndiyo mbaya. Kazi za darasani za mwaka mzima zinahesabiwa pamoja na mtihani. Na hakuna tena kuwapanga watoto wa kwanza, wa pili, hadi yule maskini wa mkiani. Mtoto mdogo angeelewa.

Nimemweleza mke wangu wakati anakata vitunguu. Akauliza, kwa hiyo binti yetu, ambaye shule yao imeshaanza ngazi hizo na wiki iliyopita kaleta mbili ya fizikia, amefanya vizuri au vibaya? Nikamwambia vibaya sana. Kisu kikasimama. Akasema mbona alimkumbatia, akamnunulia na viatu. Tukamtazama binti. Binti alikuwa ameinamia sahani yake, anatafuna kwa adabu kubwa.

Nimeamua hilo ni tatizo la mke wangu peke yake. Ni nesi, kichwa kimejaa vidonge. Wazazi wengine wataelewa.

Alhamisi, 6 Machi

Wazo! Wazo la mwaka!

Rula alikuja na mchoro wa ngazi kwenye karatasi kubwa. Anapendekeza tuwaeleze wazazi kwanza, halafu maswali. Nikamwambia hiyo ni enzi ya mawe. Siku hizi mafunzo ni kwa vitendo. Tuwape alama wazazi wenyewe! Kila mzazi na ripoti yake: kuhudhuria mikutano, kukagua madaftari ya mtoto, kufika kwa wakati. Halafu ngazi ya jumla, moja hadi saba. Wakishaonja utaratibu mpya hawatausahau.

Rula akauliza nitawafafanulia ngazi saa ngapi. Nikasema baadaye, kwanza wagundue wenyewe. Akauliza, je, wakigundua kinyume? Wivu. Mtu mzima, wivu mchana kweupe.

Nimezunguka kwa walimu wa madarasa kukusanya habari. Sikumwonea mtu. Yule mama mshona nguo hajakosa mkutano hata mmoja, na madaftari ya mwanawe yana sahihi yake kila wiki. Saba. Mwenyekiti wa wazazi, mwenye karakana ya mbao, hufungua mkutano kwa hotuba ndefu na kuondoka hotuba ikiisha. Daftari la mwanawe halijui sahihi yake inafananaje. Moja.

Ile moja niliiandika kwanza kwa penseli, maana Mwenyekiti akikohoa, Mkuu hutafuta dawa. Lakini haki ni haki. Tena hakai hadi mwisho. Bahasha yenye ripoti yake atakuja kuifungua nani?

Jumamosi, 8 Machi

Alikaa! Mwaka mzima hajakaa, leo akakaa!

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Nilisema maneno machache ya kuwatia hamu, nikamwamuru Rula agawe bahasha. Aligawa, mdomo kaubana. Wakafungua. Minong'ono. Mwenyekiti, safu ya mbele, akavaa miwani, akasoma, akasimama. Nikautafuta mlango kwa macho.

Akainua karatasi juu, akapaza sauti kwamba amekuwa wa kwanza. Wazazi wote hawa, yeye wa kwanza! Akasema tangu azaliwe hajawahi kushika namba moja katika shule yoyote, na kwamba marehemu baba yake, aliyemchapa kwa kila ripoti, alistahili kuiona siku hii. Akavua miwani, akajifuta macho. Watu wakapiga makofi. Waliopata mbili na tatu wakapeana mikono kwa unyenyekevu. Kisha akaja mbele, akanikumbatia hadi miguu ikaacha sakafu, akamgeukia Mkuu, akatangaza kuwa mwalimu anayejua kuwapima watu namna hii ndiye wa kukaa taaluma. Mkuu akaitikia kwa kichwa!

Nimeula, nikasema moyoni. Nimeula!

Hapo ndipo nikamwona mshona nguo. Safu ya nyuma, karatasi mapajani, machozi yanamtoka wala hayafuti. Alikuwa anamuuliza jirani yake amekosea wapi, maana mikutano yote amekuja, hata ule wa siku ya mafuriko. Niliona aibu. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto, na mdomo ukafunguka nimwambie. Lakini mkono wa Mwenyekiti ulikuwa bado begani kwangu, na nikakiwaza kile kitasa. Nikaufunga mdomo. Nikajiambia nitamwelekeza Jumatatu, faragha.

Rula hakuingoja Jumatatu. Akabandika mchoro wake ukutani. Akasema zamani tulikuwa tunahesabu kwa kushuka, sasa tunahesabu kwa kupanda. Saba iko kileleni, moja iko chini, na anayeanza chini ana nafasi kubwa ya kupanda. Akamwomba mshona nguo asimame, akasema huyu ndiye mzazi bora wa shule hii. Vigelegele! Yule mama akawa analia na kucheka kwa pamoja, anawashika mikono watu asiowajua.

Mwenyekiti akavaa tena miwani. Akaisoma tena karatasi. Akautoa mkono begani kwangu, kidole kimoja kimoja.

Jumapili, 9 Machi

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Mama mkwe kaniuliza kwa upole kama ni kweli nimemvua nguo mtu mzima hadharani. Nikamjibu ni mbinu ya kisasa ya ufundishaji. Akaongeza sauti ya redio.

Mke wangu akaendelea kukata vitunguu, kwa nguvu. Huo ndio ubaya wake.

Jumatatu, 10 Machi

Taaluma amepewa Rula. Nimemwona akijaribu kitasa. Alikizungusha mara moja tu, kama kitu cha kawaida! Mimi ningekizungusha asubuhi nzima.

Mkuu kasema nimshukuru Mungu sijahamishwa. Niwaombe radhi mshona nguo na Mwenyekiti, mmoja mmoja, kwa miguu yangu.

Kwa mshona nguo nimepita jioni. Nilikuwa na hotuba, ikanitoka yote. Nikamwambia tu kwamba nilimwona analia na nikanyamaza, na kwamba ilikuwa vibaya. Akasema yamepita, mwalimu, ila siku nyingine nisinyamaze. Ripoti yake kaibandika ukutani juu ya cherehani. Wateja wote wanasomeshwa.

Jumatano, 12 Machi

Karakana ya mbao. Nimepiga moyo konde nikaingia. Mwenyekiti aliniona, akawasha msumeno. Nikaomba radhi msumeno ukinguruma. Akauzima, akaniambia hakusikia, nianze upya. Akauwasha. Mara tatu hivyo! Nimejaa vumbi la mbao hadi kwenye kope.

Mwishoni akakaa juu ya gogo. Akauliza hao waliopata saba wanafanya nini hasa. Nikamwambia hakuna uchawi, wanakagua madaftari ya watoto wao. Akasema basi na yeye atalikagua la mwanawe wa kidato cha pili. Nikamwambia yuko kidato cha tatu. Akaitoa ile ripoti mfukoni, imekunjwa hadi imelegea, akasema moja inauma, mwalimu, usiku hapati usingizi. Nikamhurumia kweli. Nikakaa naye kwenye gogo hadi mafundi waliporudi kazini.

Ijumaa, 14 Machi

Ajabu! Mwenyekiti kaja shuleni asubuhi, bila hotuba. Kakaa na mwanawe kwenye benchi la nje, wanapitia daftari la kemia ukurasa kwa ukurasa. Mtoto anaeleza, baba anauliza. Kabla ya kuondoka akaweka sahihi, kubwa, imekula nusu ukurasa. Mkuu aliwatazama dirishani, akakiri kwamba katika ile fujo yangu kumbe kulikuwa na chembe ya faida.

Chembe! Ni ushindi! Kosa langu lilikuwa moja tu: nilitanguliza ripoti, ufafanuzi ukachelewa. Na pia niliwapima watu wengi mno kwa mpigo. Dawa yenyewe haina kasoro. Mtu akionyeshwa ngazi yake, anabadilika. Mwenyekiti alibadilika kwa siku mbili!

Basi nimekaa kwenye meza ya pasi na kuandaa ripoti moja, ya mtu mmoja, na safari hii ufafanuzi nimeuweka juu kabisa kwa herufi kubwa: SABA NDIYO BORA, MOJA NDIYO MBAYA. Hakuna wa kukosea. Kupunguza sauti ya redio: mbili. Kuheshimu chumba cha kazi cha mkwe: moja. Kutimiza ahadi ya wiki mbili: moja. Mapishi nimempa sita, maana mimi si mtu wa kinyongo. Ngazi ya jumla: moja. Maoni ya mwalimu: ana nafasi kubwa ya kupanda, hasa akipanda basi la kwao.

Nimeipitisha chini ya mlango wake sasa hivi. Redio imezimwa. Imezimwa! Dakika haijaisha na matokeo haya hapa!

Namsikia anamwita mke wangu. Sasa mke wangu ananiita mimi, kwa jina langu lote, hadi la babu. Ni dalili njema, wanahitaji ufafanuzi zaidi. Naenda kuwaeleza.